Dirisha la Kukataa

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalisema hili mapema na kwa sauti, asije mtu na pingu kuniuliza niliipata wapi. Haina ramani, haina bendera, na raia wake hawafanani na mtu yeyote unayemjua. Ukimwona jirani yako humu ndani, hayo ni mambo yako na jirani yako. Inaitwa Jamhuri ya Ridhaa, kwa sababu huko hakuna mtu anayelazimishwa jambo. Kila mtu huulizwa kwanza, hukubali, kisha ndipo hulazimishwa.

Waziri wa Kumbukumbu na Ukarimu wa nchi hiyo, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Makoba, alikwenda mkutanoni ng'ambo akarudi na mfuko wa kalamu za bure na habari moja kubwa. Huko kwa wenzetu, alisema, mtu akifungua tovuti yoyote mtandaoni, ile tovuti humwachia kitu kidogo kiitwacho kidakuzi. Kazi yake ni kumkumbuka: lugha aliyoichagua, alichotia kapuni, alipotazama, aliposita. Vidakuzi vingine hufa mtu akitoka. Vingine hubaki naye, humfuata kwenye tovuti nyingine, na hupeleka habari zake kwa watu ambao hajawahi kuwasikia. Na yote hayo, Waziri aliapa, mwenyewe huwa ameyakubali.

Tatizo ni kwamba Jamhuri ilikuwa na kompyuta moja tu. Ilikaa ofisini kwa Waziri imefunikwa kitambaa cha kufuma, na siku za sikukuu iliwekewa maua. Wazo la kuiwasha halikuwahi kujadiliwa.

"Ndugu wananchi," Waziri alitangaza uwanjani, jasho likimtiririka ndani ya suti ya sufu, "wenzetu wanatumia mashine kwa sababu hawana watu. Sisi watu tunao, tena wamekaa bure vijiweni! Kuanzia leo, kidakuzi ni ajira. Na mtu akithubutu kusema tumeachwa nyuma na dunia, mwambieni sisi dunia tunaifuata kwa miguu!"

Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Basi ikawa hivi. Kila duka, kila zahanati, kila kinyozi aliweka ubao mlangoni: TUNAJALI FARAGHA YAKO. Chini ya ubao alisimama bawabu mwenye tabasamu. Ukisema "Nakubali," unaingia, pana zulia, pana feni, unapewa na maji ya baridi. Ukitaka kujua unakubali nini, unapelekwa chumba cha pembeni, unakalishwa kwenye benchi lisilo na mgongo, na mzee mwenye mafua anakusomea Sera ya Faragha tangu mwanzo. Akipiga chafya, anarudia aya. Sijapata kusikia habari za mtu aliyefika mwisho.

Ukishakubali, unapewa vidakuzi wako. Wale wa lazima wanaishia ndani ya duka: wanakushikia kapu, wanakumbuka kwamba umechukua sabuni ili usiichukue tena ukifika rafu ya pili. Kwa kweli hao hawana ubaya. Wa mapendeleo wanakumbuka saizi ya viatu vyako na lugha unayopenda kusalimiwa. Wa takwimu wanakuhesabu tu, kama kuku. Lakini wapo wa matangazo, ambao si wa duka lile hata kidogo. Ni wa Upande wa Tatu, yaani kampuni usiyoijua, na hao wakishakushika wanatoka nawe mlangoni, wanapanda nawe ngazi, wanasimama nje ya choo chako wakipiga mluzi.

Ungedhani watu walichukia. Wapi! Kabla mwaka haujakatika, kufuatwa kukawa ndiyo heshima. Harusi zilihesabiwa ukubwa kwa vidakuzi waliosimama nje. Wanawake wa mtaa mmoja waliacha kusalimiana kwa sababu mmoja wao alikuwa na msafara kama wa mkuu wa mkoa na mwenziwe alikuwa na kijana mmoja tu wa kampuni ya dawa ya mende. Palikuwa na kijicho mjini, kijicho cha kukondesha, na mwenye kijicho kuwapita wote alikuwa Hilali Mwangata.

Hilali alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye mabucha na maduka ya nafaka akitafuta mawe yaliyotobolewa na sumaku zilizofichwa chini ya sahani. Alikuwa hodari. Tatizo la kazi ile ni kwamba humfundisha mtu kuamini kuwa kila kilicho mbele yake kimechezewa, na mtu hawezi kuivua imani hiyo jioni pamoja na viatu.

Yeye mwenyewe kidakuzi alikuwa naye mmoja, kijana wa kampuni ya mashuka, na kijana huyo aliomba uhamisho. "Mtu huyu hapendi kitu," aliwaambia wakubwa zake. "Nimemfuata mpaka nimesahau mimi mwenyewe napenda nini." Wakamhamisha. Hilali akawa anatembea mjini peke yake, nyuma yake hapana kitu ila vumbi, na watu wakimwona wanashusha sauti kwa huruma.

Mkewe, Mwalimu Sikudhani, alikuwa habari nyingine. Alifundisha jiografia sekondari, na alikuwa mtu wa kusimama. Akipita dukani atasimama kutazama rangi ya kitambaa, ataulizia bei ya kitu asichokusudia kununua, ataonja karanga. Vidakuzi walimpenda kama nzi wanavyopenda embe. Wengi walikuja wakaondoka, lakini mmoja aliganda: Pazi, wa Upande wa Tatu, mwanamume mwenye shati la kupigwa pasi mpaka kwenye kola na kiatu kinachong'aa hata msimu wa mvua. Sauti yake ilikuwa ya mtangazaji wa redio.

Siku ya kwanza Hilali kuumwa roho ilikuwa Jumamosi, mgahawani. Wamekaa mtu na mkewe, mhudumu amekuja. Kabla Sikudhani hajafungua mdomo, Pazi aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti akasema, "Mwalimu atakunywa chai ya mchaichai, bila sukari, kikombe kisiwe cha bati."

"Hasa," Sikudhani akasema, wala hakugeuka.

Hilali akageuka yeye. "Bila sukari? Tangu lini?"

"Tangu zamani, Baba Nuru."

"Mbona mimi nakutilia sukari kila asubuhi?"

"Naiona," mkewe akamjibu, akaendelea kusoma ubao wa vyakula.

Hilali hakula. Alimtazama Pazi, Pazi akamwinamishia kichwa kwa adabu, na adabu ile ikamkera kuliko tusi. Alikuwa na wivu wa aina mbili, maskini, na hakujua aanze na upi: alimwonea wivu Pazi kwa kumjua mke wake, na alimwonea wivu mke wake kwa kujuliwa.

Haki itendeke, tuseme na ukweli kuhusu Pazi. Hakuwa na akili hiyo aliyodhaniwa kuwa nayo. Baba wa mwalimu mmoja wa sekondari ile alipofariki, Sikudhani ndiye aliyetumwa kwa seremala kuulizia jeneza. Aliuliza mara moja, akatoa salamu, akaondoka. Tangu hapo Pazi hakumpa nafasi ya kupumua. "Mwalimu, jeneza la mninga, punguzo hadi Ijumaa!" alinadi sokoni. "Mwalimu, waliotazama jeneza hili walitazama pia sanda hizi!" Alinadi kwenye harusi ya binamu yake Mwalimu, bibi harusi akazimia. Sikudhani alimwambia jeneza lilishanunuliwa na marehemu alishazikwa. Pazi akamjibu kwamba habari hizo hana, yeye anazo tu habari kwamba alisita.

Lakini mwenye wivu haoni upumbavu wa mshindani wake. Hilali aliona kiatu kinachong'aa tu.

Akaanza kumfuata Pazi anayemfuata Sikudhani. Mitaani likawa jambo la kutazamwa: mwalimu mbele na madaftari yake kwapani, Pazi hatua chache nyuma, na mkaguzi wa mizani akiruka kutoka nguzo hii hadi nguzo ile. Siku moja akashindwa kuvumilia, akamvuta Pazi kando ya ukuta wa kinyozi.

"Ndugu yangu, niambie. Mke wangu akiwa peke yake anafanya nini?"

"Mzee, Mwalimu hajawa peke yake tangu aliposema Nakubali."

"Basi niambie anapenda nini. Anatazama nini. Anawaza nini."

Pazi akajikuna kidevu. "Hizo habari hatumpi mtu baki. Tunawapa washirika wetu tu."

"Mshirika ni nani?"

"Yeyote anayezitaka."

Hapo hapo Hilali akainua mkono wa kulia akala kiapo cha ushirika, kinyozi akiwa shahidi na wembe wake mkononi. Kuanzia siku hiyo kila alasiri waliegemea ukuta ule, Pazi akatoa na Hilali akapokea. Alipokea kwamba mkewe husimama kwenye daraja akitazama treni ya mizigo ikipita. Kwamba hapendi tena rangi ya zambarau. Kwamba walimu wenzake wakisema utani yeye hucheka mpaka machozi. Hilali hakukumbuka kumwona mkewe akicheka mpaka machozi, akawaonea wivu walimu wote wa ile sekondari, akiwamo wa dini. Alipata habari nyingi kuliko alizozipata katika ndoa nzima, na nyumbani akawa haongei kabisa. Angeuliza nini tena, na jibu analo mfukoni?

Sikudhani alijaribu. "Baba Nuru, mbona siku hizi unanitazama kama mfuko wa mchele?"

"Sikutazami."

"Kama una neno, liseme, bwana. Mimi nipo hapa."

"Sina neno," akasema, akaenda kukagua mlango wa nyuma.

Kisha ikaja alasiri ya sanduku.

"Leo," Pazi alisema, "alisimama kwenye duka la masanduku ya safari. Alishika moja la kijani. Alilifungua, akalifunga. Akalirudisha, akaenda, akarudi tena."

Hilali akauacha ukuta. "Sanduku la kwenda wapi?"

"Kampuni haiulizi wapi. Kampuni inakisia." Pazi akakohoa kidogo, kikazi. "Mzee, kuna jeneza, kuna sanduku. Wataalamu wetu wameviweka pamoja. Wamemwandikia Mwalimu wasifu mpya: mwanamke anayekaribia kubaki peke yake, mwenye mipango ya kusafiri."

Sasa katika Jamhuri ya Ridhaa wasifu ukishaandikwa, ni maisha ya mtu ndiyo hulazimika kuufuata. Asubuhi yake seremala alimtuma kidakuzi nyumbani kwa Hilali na utepe wa kupimia. Kidakuzi huyo alimpima Hilali kuanzia utosini hadi kisiginoni akiwa amesimama anapiga mswaki. "Tunaboresha huduma tu, mzee," akasema, akamgusa na mabega kujua upana. Mchana ikaja rambirambi kutoka kampuni ya bima. Hilali aliapa yu mzima. Wakamjibu kwamba watalizingatia.

Kifo hakikumuuma, nawaambieni. Kilichomuuma ni sanduku. Usiku na mchana aliliona lile sanduku la kijani, limejaa nguo za mkewe zisizo za zambarau, likibebwa na mkono wa mwanamume, na mkono ule una shati lililopigwa pasi. Mke wangu ananiacha, alijiambia, na huyu ndiye anayejua treni ya saa ngapi. Pazi lazima aondoke.

Kumwondoa kidakuzi ni haki ya kila raia. Imeandikwa. Kuna Dirisha la Kukataa, na Wizara inajivunia dirisha hilo kila mwaka mbele ya wageni. Jambo lisiloandikwa ni mahali lilipo. Walioulizia walielekezwa Dirisha la Kukubali, lililo mbele ya jengo, lenye herufi za kijani zinazoonekana kutoka mlimani, na wakifika hapo huona aibu, hukubali tena. Lakini Hilali alikuwa ametumia maisha yake akitafuta sumaku chini ya sahani. Alilizunguka jengo la Wizara akiligonga ukuta kwa ncha ya kidole. Akapita nyuma, akapita jenereta lililokufa, akapita rundo la viti vibovu, akakuta mlango wa kijivu katika ukuta wa kijivu, umeandikwa kwa rangi ya kijivu CHAGUO ZAIDI. Nyuma yake palikuwa na mlango wa pili unaouliza kama una hakika. Wa tatu ulisema utakosa mambo mazuri. Akausukuma kwa bega.

Ndani alikaa mama mmoja mnene, anasuka kikapu. Alipomwona mtu, kikapu kilimdondoka.

"Mwanangu, umepotea?"

"Nimekuja kukataa."

"Yarabi!" Mama yule, Bi Nyamizi jina lake, akasimama, akajifuta mikono kwa khanga, akaketi tena kwa furaha. "Tangu niajiriwe hapa! Keti, baba, keti. Unamkataa nani?"

Alipoeleza, Bi Nyamizi akasikitika. Mtu hawezi kumkatalia mwenziwe. Mwenye kufuatwa aje kwa miguu yake.

Hilali akarudi nyumbani mbio. Sikudhani alikuwa jikoni anachambua mchele, na Pazi amesimama dirishani kwa nje akimkumbusha bei ya sanda.

"Mama Nuru, vaa viatu. Nimelipata Dirisha la Kukataa."

Sikudhani akaacha mchele. "Lipo kweli?"

"Lipo. Nataka huyu bwana asikufuate tena. Nataka uwe huru."

Akamtazama mumewe kwa muda, na uso wake ukafunguka namna ambayo Hilali hakuwahi kuisikia kutoka kwa Pazi. "Umenitafutia mimi? Wewe mwenyewe?" Akacheka, akafuta jicho kwa kiwiko chenye pumba. "Mimi nilidhani hata hukuona ninavyoteseka." Njiani alimshika mkono, mchana kweupe, mbele za watu. Hilali alitembea kifua mbele. Nyuma yao Pazi alifuata akiwa mnyonge, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze Hilali hakumwonea wivu mtu yeyote duniani.

Bi Nyamizi alikuwa amepaka poda kwa ajili ya shughuli. Akaijaribu sauti yake ya kiserikali, ambayo hajawahi kuitumia.

"Mwalimu Sikudhani, Jamhuri inasikitika kusikia unataka kukataa. Una hakika?"

"Ninayo."

"Una hakika una hakika?"

"Mama, nina hakika."

"Kwa hiyo kidakuzi asogee. Kwa mujibu wa sheria, kabla hajaondolewa atataja kwa sauti washirika wote aliowapa habari za mwenyewe."

Hilali akapiga hatua mbele. "Hilo si lazima," alisema upesi. "Tuna haraka, mama."

"Ni lazima, baba. Ndiyo raha yenyewe ya dirisha."

Pazi akanyoosha kola yake. Alikuwa mfanyakazi mwaminifu, na mfanyakazi mwaminifu ni balaa. "Seremala wa majeneza. Kampuni ya sabuni. Kampuni ya bima. Duka la masanduku." Akavuta pumzi. "Na Bwana Hilali Mwangata, mkaguzi wa mizani. Kila alasiri, ukutani kwa kinyozi."

Jenereta la nje lilikuwa limekufa, kwa hiyo hapakuwa na kelele yoyote ya kusaidia.

"Kila alasiri?" Sikudhani akauliza. Hakumuuliza mumewe, alimuuliza Pazi.

"Isipokuwa sikukuu, Mwalimu. Alitaka daraja, treni, vicheko. Sanduku alilirudia sana."

Hilali akalipuka, maana mwenye wivu akikamatwa hushitaki. "Ndiyo, sanduku! Lile la kijani! Unakwenda wapi, Sikudhani? Unakwenda na nani?"

Mkewe akauachia mkono wake pole pole. "Swali hilo ulikuwa nalo siku zote hizo," alisema, "na mimi nakaa nawe meza moja."

"Nijibu basi!"

"Ungeniuliza mezani ningekujibu, Baba Nuru. Sasa sijibu."

Bi Nyamizi alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa umeongezeka. Akamwelekeza Hilali asogee pia, kando ya Pazi, bega kwa bega. "Huyu naye anafuata," alisema. "Lazima tumpatie fungu. Baba, wewe ni wa aina gani?"

"Mimi ni mume wake!"

"Hiyo si aina. Kuna wa lazima, wa mapendeleo, wa takwimu, na wa Upande wa Tatu."

"Wa lazima," Hilali akasema. "Mimi ni wa lazima."

"Vizuri. Wa lazima hupewa habari na mwenyewe, mkono kwa mkono. Nitajie jambo moja la mkeo alilokwambia yeye."

"Chai hanywi na sukari."

"Nilisema mimi hilo, mgahawani," Pazi akaingilia kwa upole.

"Zambarau. Haipendi zambarau."

"Mimi tena."

Hilali akatafuta. Alikuwa na daraja na treni, alikuwa na walimu na vicheko vyao, alikuwa na mfuko mzima, na kila alichokitoa kilikuwa na alama ya kidole cha Pazi. Akamtazama mkewe amsaidie. Sikudhani alikuwa anangoja, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba angetaka alipate, hata dogo, hata la miaka ya uchumba. Hilali alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Sanduku lile ni la nani?"

"Upande wa Tatu," akasema Bi Nyamizi kwa huzuni ya kiserikali. "Mwalimu, sheria inakupa nafasi tatu: ukubali wote, uchague mmoja mmoja, au ukatae wote. Chukua muda wako."

Sikudhani hakuuchukua. "Nakataa wote."

Muhuri ukagongwa, kwa kishindo cha muhuri uliosubiri miaka. Bi Nyamizi akaeleza matokeo: waliokataliwa hawatamfuata, hawatauliza habari zake kwa mtu, wala hawatakaa naye mpaka yeye mwenyewe, kwa hiari yake, akubali tena kwenye dirisha la mbele, lile lenye herufi za kijani. Hilali aliomba aende kukubali kwa niaba yake sasa hivi. Akajibiwa kwamba mtu hawezi kumkubalia mwenziwe.

Sikudhani akamshukuru mama yule, akajitengeneza mtandio, akatoka. Hilali akakimbilia mlangoni, akasimama kwenye kizingiti kwa kuwa sheria ilimzuia hapo. Akamwona akipita viti vibovu, akipita jenereta, anatembea bila mtu nyuma yake, taratibu, kama mtu anayeonja kitu. Barabarani alisimama kidogo. Mkokoteni wa mbao ukapita kati yao, na ulipokwisha kupita, hakuwepo.

"Ameshika njia gani?" Hilali akauliza haraka. "Ya nyumbani au ya stesheni?"

Akageuka. Pazi alikuwa amekwisha kupangiwa mtu mwingine, yuko mbali kwenye kona, kiatu kinang'aa, anamnadia bwana mmoja jeneza. Bi Nyamizi alikuwa ameinamia kikapu chake, na sheria haimruhusu kusema. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.